Tere ya uongo juu ya mabati ya Simi-Simi

SIMI-SIMI, Kisangani. – Fundi amemaliza kazi. Pano nne za sola ziko juu ya mabati, batri ziko chumbani, taa inawaka, watoto wanapiga makofi, mwenye nyumba anahesabu dola. Hakuna anayeuliza kuhusu ile waya ya shaba iliyoviringishwa kwenye bolti ya pano ya mwisho, ikashuka ukutani na kuingia ardhini kando ya jiko. Inashika nini kule juu? Inashika nini huku chini? Misimu miwili ya mvua ikipita, jibu mara nyingi ni kwamba haishiki kitu.

Hiyo ndiyo tere ya uongo, na imejaa mtaani. Ni mbaya kuliko kukosa tere kabisa. Asiye na tere anajua kwamba hana, naye huchomoa vyombo vyake mawingu yakikaribia. Mwenye tere ya uongo ameilipia, anaiona kila asubuhi akitoka kunawa uso, na analala akijua kwamba nyumba yake ina ulinzi. Kumbe ana kipande cha shaba kilichoning'inia.

Jambo hili lisingekuwa la haraka kama pano zingekuwa chache kama zamani. Lakini umeme wa SNEL unakuja na kwenda, kituo cha mto Tshopo hakitoshi kwa mji uliokua namna hii, na sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango wa umeme kwa watu binafsi. Kwa hiyo Makiso, Mangobo, Kabondo, hadi ng'ambo ya mto kule Lubunga, mtu mwenye pesa kidogo anapandisha pano. Si vibaya. Mama anayeuza samaki wa baridi ana haki ya friji, na mtoto ana haki ya taa ya kusomea. Ubaya ni kwamba mzigo wa pano unashuka bandarini, unapakiwa kwenye toleka, unafika nyumbani, unafungwa juu ya paa, na katika safari hiyo yote hakuna mtu mwenye kazi ya kuangalia vyuma gani vimegusana na vyuma gani. OCC inapima bidhaa zinazoingia nchini. OCC haipandi ngazi.

Cha kushangaza ni kwamba mtaa wenyewe umezaliwa kando ya uwanja wa ndege. Mafundi wa ndege, popote duniani, kabla ya kutia mafuta hufunga kwanza waya kati ya ndege na gari la mafuta ili umeme usikusanyike upande mmoja na kuruka upande mwingine. Mwili wa ndege nyingi ni alminiumu, na fundi wa ndege hathubutu kuibana shaba tupu juu yake akaondoka. Angefukuzwa kazi siku hiyohiyo. Hakuna ufundi wa siri hapo. Ni desturi ya kazi tu, na ingetosha kuvuka barabara.

Sasa vyuma vyenyewe. Fremu ya pano ni alminiumu. Bati la nyumba ni chuma kilichopakwa zinki, isipokuwa kwa wachache wenye mabati ya alminiumu. Waya ya tere ni shaba. Bolti ya bei rahisi ya sokoni ni chuma chenye zinki nyembamba kama karatasi ya sigara. Vyuma vinne, tabia nne, vinakutana mahali pamoja pasipozidi upana wa kidole gumba, katika mji ulio karibu kabisa na mstari wa ikweta, unaopata mvua zaidi ya milimita 1,700 kwa mwaka, usio na kiangazi cha kweli. Nguo iliyofuliwa Oktoba haikauki siku moja. Bolti itakauka namna gani?

Mwaka 1800 Alessandro Volta, Mwitaliano, alipanga vipande vya zinki na vya shaba kimoja juu ya kingine, katikati akaweka vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ukatoka. Ndiyo ilikuwa batri ya kwanza. Mwaka 1836 John Frederic Daniell wa London akatengeneza nyingine iliyotulia zaidi, ya zinki na shaba vilevile, yenye kutoa karibu volti 1.1. Katika batri hizo mbili kuna mmoja anayekula na mmoja anayeliwa. Shaba inabaki. Zinki inaliwa mpaka inakwisha.

Fundi anayebana shaba tupu juu ya bati la zinki ametengeneza batri ya Volta juu ya paa la mteja wake. Kitambaa chenye maji ni ukungu wa asubuhi, vumbi la barabara na moshi wa makala uliolala juu ya bati. Batri hiyo haiwashi taa yoyote. Kazi yake ni kula bati, usiku na mchana, bila kelele. Kwanza unatokea unga mweupe. Kisha shaba inavaa kijani. Kisha kutu nyekundu inachungulia mahali zinki ilipokwisha, na siku moja maji yanadondoka kitandani, mwenye nyumba anamlaumu aliyemuuzia mabati. Hata bila kubanwa, waya ya shaba tupu iliyolazwa juu ya bati inaharibu: mvua inayoipitia inabeba chembe za shaba na kuzishusha kwenye zinki iliyo chini yake. Ndiyo maana tundu hufuata njia ya waya.

Kwa alminiumu mambo ni ya ujanja zaidi, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Husemwa kwamba alminiumu haishiki kutu. Kweli, haishiki kutu nyekundu kama chuma. Inajifunika ngozi nyembamba, na kiwandani ngozi hiyo inaongezwa unene kwa makusudi ili fremu idumu miaka mingi. Lakini ngozi hiyo haipitishi umeme. Basi fundi anayeviringisha waya juu ya fremu bila kuikwaruza ngozi amefunga waya juu ya kitu kinachofanya kazi kama plastiki. Na yule anayeikwaruza, akabana shaba tupu hapo, amefungua kidonda: shaba na alminiumu zimekutana uso kwa uso, maji yako katikati, na alminiumu inaanza kuliwa. Unga mweupe unajaa chini ya bolti, bolti inalegea, mguso unapotea. Kwa macho kila kitu kiko mahali pake. Kwa umeme, ngazi imekatwa.

Ajabu ya nchi hii ni kwamba shaba inatoka Kolwezi, zinki inatoka Kipushi, na eteni, ambayo ndiyo dawa ya ugomvi huu kama itakavyoonekana chini, inatoka katika kasiterite ya Walikale. Katanga yenyewe iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Madini yote yako nyumbani. Yanarudi kutoka China yakiwa waya na bolti, na hakuna aliyewaambia wenyeji kwamba hayapatani.

Zipo sababu ambazo mafundi huzitoa wakiulizwa, na si haki kuzipita kimya.

Ya kwanza ni kwamba volti 12 haziui. Ni kweli, kwa pano moja ndogo ya kuchaji simu, na mwenye pano hiyo hana haja ya kusumbuliwa na makala hii. Lakini pano moja kubwa ya siku hizi, ikiwa wazi bila mzigo, inatoa karibu volti 40 hadi 50. Nne zikifungwa mfululizo zinakaribia 200, na onduleri mpya zinataka mfululizo mrefu zaidi. Waya wa pano ukichubuka ukagusa fremu, fremu inachukua volti hizo, na bati linalogusana na fremu linachukua, na kamba ya chuma ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye ncha ya paa inachukua. Tena sola haina kitufe cha kuzima jua. Moto wa umeme huu ukianza kuruka kati ya waya mbili hauzimiki kirahisi kama ule wa SNEL, ambao wenyewe hupitia sifuri mara mia kwa sekunde.

Ya pili: pano imepigiliwa juu ya bati, kwa hiyo bati ndilo tere. Bati limepigiliwa juu ya nini? Juu ya mbao. Mbao ziko juu ya nini? Juu ya matofali. Ardhi iko wapi hapo?

Ya tatu ndiyo inayopendwa kuliko zote: tere inavuta radi. Haivuti. Radi hutafuta kilicho juu, na paa liko juu likiwa na tere au bila tere. Ukweli mwingine lazima usemwe pia, maana wauzaji wengine hudanganya upande wa pili: tere ya pano haizuii radi kuangukia nyumba. Kinga ya radi ni kazi nyingine, yenye vyuma vyake na hesabu yake. Kinachofanywa na tere nzuri ni kuupa njia umeme unaoruka radi inapoanguka karibu, kwenye mwembe wa jirani au kwenye nguzo, ili usitafute njia kupitia onduleri, friji, au mkono wa mtu. Kile kifaa kidogo kiitwacho parafudre, ambacho duka humwambia mteja kwamba kitaokoa kila kitu, bila tere ni pambo. Hakina mahali pa kutupa kinachokamata.

Na radi mashariki ya nchi hii si hadithi. Satelaiti ya NASA iliyohesabu mimweko ya radi tangu 1998 hadi 2013 iliweka Kabare, Kivu Kusini, ya kwanza Afrika na ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: mimweko 205 kwa kila kilomita mraba, kila mwaka. Kampene, kule Maniema, ilifuata Afrika kwa karibu 177. Kisangani haiko mbali na anga hilo.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu uharibifu mkubwa wa tere ya uongo hauko kwenye friji. Radi ikiunguza vyombo vya nyumba moja na kuacha ya jirani, maneno huanza. Nani alipita jana jioni? Nani alikataliwa mkopo? Bibi gani anaishi peke yake kule mwisho wa avenue? Oktoba 1998, kule Kasai, radi iliua wachezaji 11 wa timu moja ya mpira katikati ya mchezo, na magazeti ya Kinshasa yaliandika kwamba wa timu ya pili walitoka salama. Mara moja watu wakagawanyika juu ya nani aliyeroga. Robo karne imepita, na bado kuna wazee wanaofukuzwa nyumbani kwao kwa radi wasiyoituma. Hakuna mchawi mwenye muda wa kutuma radi 205 kwenye kilomita moja mraba kila mwaka. Lakini kuna nyumba ambayo bolti yake imelika na nyumba ambayo bolti yake inashika, na macho ya jirani hayawezi kuona tofauti. Anayefunga tere ya uongo anaacha mlango wazi kwa mashtaka hayo. Asijifanye kwamba amefunga taa tu.

Kazi nzuri inajulikana, na si kazi ya Wazungu wala ya mashine ghali. Juu, kwenye fremu, tere hufungwa kwenye tundu lililotobolewa kiwandani kwa kazi hiyo. Kwenye pano nyingi lina alama ya tere pembeni. Bolti, nati na rondeli ziwe za inoksi. Inoksi na alminiumu nazo si ndugu kamili, lakini bolti ni ndogo na fremu ni kubwa, kwa hiyo kinacholiwa kinagawanyika na ni kidogo kwa miaka mingi. Rondeli iwe yenye meno, ili itoboe ile ngozi isiyopitisha umeme na kuuma alminiumu yenyewe. Mwisho wa waya uwe na kosi, kile kichwa kinachobanwa kwa koleo maalum, na kosi hiyo iwe ya shaba iliyopakwa eteni. Eteni inakaa katikati ya shaba na alminiumu kama mzee wa barza: hairuhusu mmoja amkaribie mwenzake. Palipokwaruzwa papakwe grisi ya mguso kabla ya kubana.

Waya yenyewe iwe na ngozi ya plastiki, ile ya kijani na manjano, si tupu. Unene wake milimita mraba 6 kwa uchache, na 16 pale mtu anapofikiria radi kweli. Isilazwe juu ya bati. Ishuke kwa njia fupi na iliyonyooka, bila kuviringishwa kama kamba ya mbuzi, maana umeme wa radi haupendi kona. Fremu zote ziunganishwe, na reli, na bati, na mwili wa onduleri, zote zifike kwenye tere moja. Nyumba yenye piketi mbili zisizojuana, moja ya sola na moja ya SNEL, imejiwekea mtego: radi ikipiga karibu, kila piketi itakuwa na volti yake, na tofauti itapita ndani ya vyombo. Jambo moja la tahadhari kwa mafundi wanaopenda njia ya mkato: wasiunge fremu na waya hasi ya batri bila kusoma karatasi ya regulateri. Regulateri nyingine upande wake wa pamoja ni chanya, na kosa hilo linaweza kuziunguza palepale.

Chini, piketi iwe ya chuma kilichovikwa shaba, mita moja na nusu hadi mbili ndani ya ardhi. Nusu mita ya nondo iliyobaki kwenye ujenzi, tena yenye rangi, haifai, na alminiumu isizikwe kamwe. Kiungo cha juu ya piketi kiachwe mahali kinapoonekana, kisifukiwe na sementi. Hapa Kisangani ina bahati ambayo watu wa Sahel wangeililia: ardhi yake haikauki, na ardhi yenye maji inapokea umeme vizuri. Maji yaleyale yanayokula bolti kule juu ndiyo yanayofanya tere iwe rahisi huku chini. Mtu anayefeli kufunga tere Simi-Simi hawezi kusingizia udongo.

Nani wa kulaumiwa? Fundi, ndiyo. Lakini fundi huyu mara nyingi alijifunza kwa kumshikia ngazi fundi mwingine, na bei aliyokubaliwa haina nafasi ya kosi. Mteja aliyepiga bei mpaka tere ikatoka kwenye hesabu, huku akitafuta pesa ya televisheni kubwa zaidi, asijifiche nyuma ya fundi. Mwenye duka anayeuza kiti nzima ya sola, pano, batri, onduleri, na ndani ya boksi hakuna bolti moja ya inoksi, anajua anachofanya. INPP inafundisha kazi za mikono. Tere ya sola na vyuma visivyopatana vistahili siku zake katika mafunzo hayo, kwa vitendo, juu ya bati, si ubaoni.

Lawama nzito zaidi ni ya kamati na miradi. Mtu akiharibu nyumba yake ni yake. Kituo cha afya si chake. Gavi na UNICEF wamepeleka nchini friji nyingi za sola za kutunza chanjo, na kamati za shule, za parokia na za makanisa nazo zinachangisha na kufunga pano zao. Siku ya kuzindua kuna utepe, kuna hotuba, kuna fanta. Je, kuna karatasi yenye namba moja, ile ya upinzani wa tere iliyopimwa kwa telurometre? Kifaa hicho ni ghali kwa fundi mmoja, lakini mafundi kumi wa mtaa wanaweza kununua kimoja na kukizungusha, na kamati yoyote inaweza kukodi siku moja. Bila namba hiyo, kamati isitie sahihi, na asilimia ya mwisho ya malipo isitoke.

Kwa nyumba ambazo tayari zina waya, kazi ya kwanza ni ya nusu saa, asubuhi na mapema kabla jua halijatoka, bati likiwa kavu. Onduleri ikiwa imezimwa na pano zimekatwa, fundi apande na multimetre ya kawaida, ncha moja kwenye alminiumu iliyokwaruzwa, nyingine kwenye waya ndefu iliyofungwa kwenye piketi. Multimetre haiwezi kusema kama ardhi inapokea, hiyo ni kazi ya telurometre, lakini itasema kama njia ipo. Ikionyesha chini ya omu moja au karibu yake, kiungo kinashika. Ikionyesha makumi, au isionyeshe kitu, bolti ifunguliwe mbele ya mwenye nyumba, ili aone kwa macho yake ule unga mweupe. Mvua kubwa zinaanza Septemba.